Gari Likisimama, Choo Hufungwa

Baba alikuwa amefunga tena choo. Nilijua hata kabla sijagusa kitasa, maana dada wa saluni jirani, niliyemkaribisha aje kuliona behewa langu kabla sijaanza kupokea wageni, alikuwa amesimama kwenye korido amebana miguu, anatabasamu kwa adabu ya mtu anayeteseka. Nikamwita Baba. Akaja bila haraka, mkono mfukoni, na kabla sijafungua mdomo akanieleza, polepole kama anayemfundisha mtoto, kwamba gari likisimama choo hufungwa.

Jamani. Gari lenyewe halina hata kichwa cha kulivuta. Limekaa nyuma ya nyumba yetu juu ya vipande viwili vya reli, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na mimi, fundi seremala mwenye akili zangu timamu, ndiye niliyelinunua kama chuma chakavu ili niligeuze kijumba cha kupangisha watu wa mapumziko. Zamani, ni kweli, vyoo vya treni vilimwaga chini relini, na mhudumu aliyeacha choo wazi stesheni alikuwa anajitafutia balaa. Lakini mimi nimechimba shimo, nimelaza bomba, nimeweka choo cha kuvuta maji. Nimemweleza Baba hayo mpaka koo limekauka. Anaitikia vizuri, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, halafu nikigeuka tu, ufunguo umeshazunguka.

Maisha yake yote ya kazi Baba alikuwa mhudumu wa behewa la kulala. Aliwatandikia watu vitanda, akawaamsha kabla ya stesheni yao, akawashushia mizigo. Nyumbani alikuwa anapita tu. Mama alinilea peke yake, na Baba alipostaafu nilishangilia nikidhani sasa Mama naye atapumua. Wapi! Baba alikaa sebuleni ukingoni mwa kiti, akaomba ruhusa ya kuwasha redio, akashukuru kwa chai kama mtu aliyekuja kutembea. Hawakugombana hata siku moja; afadhali wangegombana. Kisha Mama Mkubwa, dada yake Mama, akavunjika mguu, na Mama akaenda kumuuguza. Mguu ulipona, Mama hakurudi. Nilipomuuliza alisema amechoka kuishi na mgeni.

Basi nisizunguke. Behewa lile, mojawapo ya yale aliyoyahudumia Baba, sikulinunua kwa ajili ya wapangaji peke yao. Nilitaka Mama arudi. Mtu mzima kama mimi, nashinda na misumari mdomoni na mafundi wenzangu wananiogopa, lakini jioni nikimwona Baba anakula peke yake, ameacha wazi kiti cha Mama, naumia. Na Mama nilimtamani mwenyewe pia, sauti yake tu ikinigombeza jikoni. Hakuwahi kulipanda behewa la Baba. Aliwahi kuomba, akanyimwa. Baba alisema kazini si mahali pa familia. Nikajiambia, akilala humo walau mara moja, humo alimopotelea mumewe miaka yote ile, huenda mioyo yao ikalainika.

Nilipasua ukuta kati ya vyumba viwili, nikatengeneza kitanda kipana cha watu wawili chini ya dirisha. Baba alinionyesha mbao zilizoliwa na maji, akakwangua rangi ya zamani mpaka vidole vikamvimba, huku anaimba kwa pua. Tulikosana kwa jambo moja tu. Mwisho wa korido kuna kiti cha kukunja, kibao kidogo tu cha ukutani, ambapo mhudumu hukesha akisubiri abiria wamwite. Mimi nafasi ile niliitaka kwa sinki. Baba akakikalia kile kiti. Nikafoka, nikatupa futi yangu ya kupimia chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi, bado amekikalia. Sinki likaenda kubanwa kando ya jiko, na mpaka leo huwezi kuosha sufuria bila kugonga kiwiko.

Mama nilimwambia nahitaji jicho la mwanamke kabla wageni hawajaanza kuja. Akanicheka kwenye simu, akauliza kwani mimi binti yake jicho langu ni la nani. Lakini alikuja, na kijibegi kimoja, amevaa gauni la bluu ambalo alikuwa akilitunza kabatini kwa siku maalumu.

Baba alikuwa anamsubiri mlangoni mwa behewa. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akamkaribisha, akamuuliza kama mzigo ni huo tu, akapokea begi kwa mikono miwili. Mama alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akapanda ngazi.

Baba akatandika kitanda mbele yetu. Sikuwahi kuiona mikono ile ikifanya kazi hiyo. Shuka ilivutwa mpaka ikanyooka, pembe zikakunjwa kama bahasha na kuchomekwa chini ya godoro, blanketi likapangwa miguuni, mito ikawekwa mbali na dirisha kwa sababu ya upepo. Mama alifuata kila kitu kwa macho.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unawatandikia watu," alisema. "Mimi hujanitandikia hata siku moja."

Baba akaendelea kuupapasa mto uliokwisha kunyooka. "Nikifika nyumbani nilikuwa nakuta umeshatandika."

Nikaona hapo mimi sina kazi tena. Niliwaaga, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga, nikajitupa kitandani na kulala fofofo.

Asubuhi nikapeleka chai, vikombe viwili kwenye sinia. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, mgongo umenyooka, koti halina hata kifungo kilichofunguliwa, macho mekundu. Mama alikuwa ameketi kitandani ameshavaa, begi mapajani. Upande mmoja wa kitanda ulikuwa umevurugika. Upande wa dirishani, shuka ilikuwa bado imekunjwa kama bahasha.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi, na njiani nilikuwa natembea kwa hasira, begi lake nimelibana kwapani. Mama ndiye aliyeanza kuongea.

"Baba yako amenihudumia vizuri sana," alisema. "Ameniletea maji. Ameniuliza kama nasikia baridi. Alfajiri akaja kuniamsha. Mlango niliuacha wazi usiku kucha, mwanangu. Na bado akagonga."

Nikamshika mkono, nikamwomba arudi, nikamwambia nitaling'oa lile behewa vipande vipande kama ndilo tatizo. Akaniambia niache ujinga, nimetengeneza kitanda kizuri. Basi lilipokaribia akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na ufunguo wa choo. Alipewa usiku akauficha, na Baba kwa mara ya kwanza maishani alisahau kumdai abiria ufunguo wake.

"Akiutaka, aje auchukue mwenyewe," alisema, akapanda.

Niliporudi Baba alikuwa anajipekua mifukoni, anainama chini ya kiti, anainuka, anajipekua tena. Nilimweleza yote, na sikumbembeleza. Nilimwambia kwamba mkewe alimwachia nafasi ya dirishani, na yeye akakesha kwenye kibao akilinda korido isiyokuwa na mtu. Nilikuwa nalia na sikujali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalitundika, akaingia nyumbani.

Alitoka amevaa shati jeupe na ameshika begi lake la safari, lile lililokuwa likikaa mlangoni miaka yote ya utoto wangu. Safari hii alilishika vibaya, kama la mtu mwingine. Akasimama mbele yangu.

"Nitapiga hodi kwa mama yako mkubwa," alisema. "Wakinikaribisha, niseme nini?"

Nilimnyooshea kola ya shati, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Usiseme kitu, Baba. Ingia."