Kura ya Sitini na Moja

Mgeni aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha. Mikono yangu ilikuwa imejaa maganda ya viazi. Ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya kura. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia mkononi, viatu vyake vya mjini vimeshika tope la barabara yetu.

"Samahani, dada. Nimeambiwa wewe ndiye unayeendesha gari la kanisa, lile lenye lifti ya kiti cha magurudumu."

"Ndiye mimi. Corinne."

"Shangazi yangu yuko nyumba ya wazee, kule nyuma ya maghala ya mahindi. Anataka kuja kanisani kesho mchana. Gari langu ni dogo, na mgongo wangu hauniruhusu kumbeba."

"Usihangaike, kaka. Nitamfuata na nitamrudisha."

"Kweli? Maana kuna bwana mmoja wa kanisani nimempigia wiki nzima, hashiki simu."

"Nimekupa neno langu." Nikampa mkono, maji ya viazi yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Tukacheka wote wawili. "Anaitwa nani?"

"Maxine Stuckey."

Nikaacha kucheka.

Hapa Harlan's Fork kila mtu anajua Maxine Stuckey alimfanyia nini babu yangu. Babu Vernon alifundisha darasa la watu wazima la Jumapili kwa miaka thelathini na mmoja. Alifundisha kwamba Yesu alitoka kaburini kwa mwili, kwa mikono ambayo mtu angeweza kuishika. Mchungaji wa wakati ule alitaka tuseme ule ulikuwa mfano tu, tumaini lililoamka mioyoni mwa wafuasi wake. Katika mkutano wa baraza, mwenyekiti Maxine akasimama na kupendekeza darasa la Babu lifungwe. Mikono ikainuliwa. Mwezi uliofuata wakaiondoa Kanuni ya Imani kwenye ibada.

Tangu hapo, kila Jumapili, watu walipokaa baada ya wimbo wa pili, Babu alibaki amesimama. Aliikariri Kanuni peke yake, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Wengine walicheka chini chini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeketi kando yake, nikiviangalia viatu vyake. Alifanya hivyo miaka tisa, mpaka alipokufa. Chumba cha darasa lake kilipakwa rangi mpya, na mlangoni wakapigilia kibao cha shaba: Chumba cha Maxine Stuckey.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani na nia moja. Mimi na mkulima mmoja, Dwight Hostetler, tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiwaomba washirika tujitoe katika dhehebu na kuungana na makanisa yaliyoshika imani ya zamani. Wakubwa wa dhehebu wakaturuhusu tupige kura. Sheria yao ilikuwa moja: theluthi mbili ya waliomo ndani. Hakuna kura kwa barua wala kwa simu. Milango ikifungwa saa nane, imefungwa.

Dwight alikuwa amewahesabu mara nyingi. Wangekuja sitini. Arobaini wetu, ishirini wao. Ilitosha, bila hata mmoja wa ziada.

Na mimi nilikuwa na jambo langu ambalo sikumwambia mtu. Katika mfuko wa koti nilitia bisibisi. Matokeo yakishasomwa, ningekwenda kwenye kile kibao na kukifungua wakiwa bado wameketi. Nilitaka wazisikie skrubu zikianguka moja moja.

Dwight alipopita jioni kuleta meza ya chakula cha Jumapili, nilimweleza kuhusu mgeni. Akaiweka meza chini.

"Sitini na moja," akasema. "Theluthi mbili ya sitini na moja inataka arobaini na moja. Tunao arobaini, Corinne."

"Najua."

"Unadhani ni nani ambaye hakushika simu wiki nzima?"

"Wewe?"

"Sasa ulitaka nimwandalie zulia? Yule mama alimzika babu yako akiwa hai." Akashusha sauti. "Gari lile ni zee. Betri ikifa kesho, nani atashangaa?"

"Nimeshatoa neno, bwana Dwight."

"Ulitoa hujajua ni nani. Hilo si neno, hiyo ni ajali."

Nilicheka. Na baada ya yeye kuondoka, nilikwenda nikafungua boneti, nikaitazama ile betri kwa muda mrefu.

Jumapili nilimkuta Maxine mlangoni pa nyumba ya wazee, amevaa koti la buluu na rangi ya mdomo. Alikuwa amepungua mno. Mguu wake ulikuwa kama fimbo ndani ya soksi.

"Mjukuu wa Vernon," akasema. "Una kidevu chake."

"Ndiyo, Bi Stuckey."

"Basi niahidi lifti hiyo utaishusha polepole. Usinimwage kama gunia la mahindi."

"Nitaishusha polepole."

"Na nitapiga hapana. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikudanganya."

Kwenye reli tulisimama kuipisha treni ya nafaka. Saa ya gari ilionyesha saa saba na dakika arobaini. Treni ikapita, taa nyekundu zikazimika. Sikuondoa gari.

"Treni imekwisha, binti."

"Nimeona."

Akaichungulia saa ya gari. "Ahaa," akasema. "Mahali penyewe umepachagua vizuri. Hata kivuli kipo."

"Ulimfungia darasa lake," nikasema bila kugeuka. "Alisimama peke yake miaka tisa. Mlimcheka."

"Mimi sikucheka. Nilikuwa namsikiliza." Sauti yake ikawa kavu. "Mwanangu Todd alipojiua, nilimuuliza babu yako mbele ya darasa zima, Todd yuko wapi sasa? Akanitazama, mtu yule aliyejua kila kitu, akasema hajui. Hajui! Nikamchukia siku ile na sijaacha. Wala siombi radhi."

"Sijakwambia uombe."

"Vizuri. Sasa zima injini, tuokoe mafuta."

Nilitaka kuizima. Huruma ilinijia kidogo, nikaisukuma mbali, kwa sababu niliona viatu vya Babu tena. Dakika kumi na tano tu za kukaa pale, na kila kitu ningekipata. Lakini lile jibu la Babu lilinirudia. Angeweza kumpa yule mama neno zuri la kumtuliza, na darasa lake lingebaki lake. Neno asilokuwa nalo hakulitoa. Mimi langu nilikuwa nimelitoa.

Nikatia gia.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika mbili. Dwight alikuwa ameshika mlango. Aliangalia kiti, kisha akaniangalia mimi.

"Betri ilipona?"

"Ilipona."

Mkuu wa wilaya wa dhehebu, aliyesimamia kura, alihesabu watu mara mbili. Sitini na mmoja. Karatasi zikakusanywa katika sahani ya sadaka, akazisoma moja moja kwa sauti isiyo na chumvi. Ndiyo arobaini. Hapana ishirini na moja. Tunabaki.

Upande wa pili mtu mmoja alipiga makofi, wenzake wakamnyamazisha. Mke wa Dwight alikwenda kwenye meza ya chakula cha pamoja, akachukua bakuli lake la tambi likiwa bado na kifuniko, akatoka nalo. Wengine wakafuata, kila mmoja na chombo chake, mpaka upande mzima wa meza ukabaki kitambaa kitupu na viazi vyangu. Hakuna aliyenisemesha isipokuwa Dwight.

"Babu yako ana bahati," akasema. "Hasikii."

Nikapita mbele ya kile kibao cha shaba nikisukuma kiti. Maxine hakukitazama.

Nikaendesha hadi nyumba ya wazee.

"Ungenitafutia mtu mwingine wa kunirudisha," akasema.

"Nilisema nitakurudisha mimi."

Niliinama kufungua mikanda ya kiti, bisibisi ikanichoma ubavuni. Bado nilimchukia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kisogo chake chembamba mbele yangu, kitufe cha lifti chini ya kidole. Lifti ile ukiibonyeza moja kwa moja inashuka kwa kishindo.

Nikabonyeza, nikaachia. Nikabonyeza tena, nikaachia, kidogo kidogo, mpaka magurudumu yakagusa ardhi na hata mkoba wake haukutikisika mapajani.