Biskuti za Juu ya Makaa

Mwoka mikate hakuwahi kulala kwenye hema maishani mwake. Mdogo wake wa kiume alipomwambia waende watatu, pamoja na mkewe, kupiga kambi kando ya ziwa, alicheka mpaka akashika ubavu. "Nikalale chini kama kuku, na kitanda ninacho?" Lakini moyoni alifurahi. Tangu harusi, wifi yake, aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa akimsalimia kwa pembe ya mdomo, na sasa ana mimba. Labda mtoto ndiye anayewavuta pamoja.

Mdogo wake huyo alilelewa naye. Wazazi walipofariki mtoto alikuwa bado analala ameshika upindo wa gauni lake, na fundi seremala aliyekuja kuposa akaambiwa asubiri. Fundi hakusubiri. Nani angemlaumu?

Walipofika, hema liliwatoa jasho, likasimama upande kama mlevi. Yeye akawasha moto, akafungua mfuko wa mchanganyiko aliouandaa nyumbani: unga, sukari, chumvi kidogo. Ilibaki siagi tu.

"Biskuti hizi hazina mayai wala maziwa," alimwambia wifi yake. "Hata asiyejua kuchemsha chai atazipika. Njoo ukande. Basi, basi! Ukikanda sana tutatafuna soli za viatu."

Wifi akacheka, kicheko cha kweli. Wakazibonyeza bapa kwa viganja, wakazipanga kwenye sufuria, wakafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko, ili ziive juu na chini.

Mdogo wake akakohoa. "Dada, mama mkwe anakuja kukaa nasi. Kumsaidia mwenzangu na mtoto."

"Na aje. Atalala wapi?"

Wifi akageuka kutazama ziwa.

"Chumbani kwako," mdogo wake akasema.

"Na mimi?"

"Tumekupatia chumba nyuma ya kiwanda chenu cha mikate. Karibu na kazi, dada. Hutahangaika tena na safari za alfajiri."

"Nilikuambia nahangaika?"

Mdogo wake akasogeza kuni motoni. Hapo ndipo akili ilipomkaa sawa. "Kumbe ndiyo maana mmenileta huku."

"Tulitaka tuongee kwa utulivu, wifi," mke akasema polepole. "Nyumbani majirani wangesikia."

"Wangesikia nini? Kwamba mgeni njoo, mwenyeji atoke?"

"Usiseme hivyo," mdogo wake akasema. "Wewe ni mama yangu."

"Mama! Na unamhamisha."

Akainuka, akaondoa makaa, akafunua. Mikono yake haikujua habari za ugomvi. Biskuti ziliiva vizuri, rangi ya dhahabu, hata moja haikuungua. Mdogo wake akala tatu, akaramba vidole. Dada akamwombea zimkwame kooni, kisha akaona haya, kisha akaomba tena.

Alihama bila kelele. Mdogo wake alikuja na rafiki zake wakabeba kitanda, wakitaniana mlangoni jinsi ya kukipindua. Chumba kipya kilipakana na ukuta wa tanuri, na ukuta ule haukupoa usiku wala mchana. Alilala miguu ikiwa nje ya shuka, akisikia wenzake wa zamu wakigonga trei.

Habari za kuzaliwa mtoto aliletewa na dereva wa gari la mikate, aliyedhani anampa hongera tu. "Kumbe shangazi huna habari?"

Akaomba ruhusa, akaenda. Mama mkwe alimfungulia mlango kwa adabu, akampa kiti sebuleni. Mlango wa chumba chake cha zamani ulikuwa wazi. Kitanda kingine, pazia jingine. Akapakatishwa mtoto. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na ana paji la uso la marehemu baba yao. Alitaka kusema hivyo, lakini hapakuwa na wa kumwelewa: mdogo wake yuko kazini, na wifi amelala.

"Anataka kunyonya," mama mkwe akasema, akamchukua.

Mtoto hakuwa analia.

Mwoka mikate akashukuru, akaaga, akashika njia. Zamu yake ilikuwa inakaribia na unga ulioumuliwa haumsubiri mtu. Alipofika kwenye kona ya mtaa akakumbuka kwamba hakuuliza jina la mtoto. Akasimama kidogo, mkono kiunoni. Kisha akaendelea na safari yake.