Moto wa Nusu ya Juu

Asubuhi ya kuchoma shamba, Rena alimtazama baba yake kama mtu anavyoitazama sufuria ya maziwa jikoni. Alijua kwamba akigeuka kidogo tu, itafurika.

Mzee Alton alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kwa sitini kati ya hiyo alikuwa amechoma shamba hilo la bluberi, vitunda vidogo vya buluu, kila Aprili, nusu kwa nusu. Bluberi za mwitu za pwani ya Maine, Marekani, hazipandwi na mtu. Hutambaa zenyewe, hazifiki hata goti, na zisipopata moto huchoka zikabaki majani matupu. Nusu inayochomwa hukaa mwaka mzima ikichipua, na nusu ya pili ndiyo inayozaa. Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa huko, walizichoma hivyo kabla babu yake Alton hajaijua pwani hiyo, na mzee alipenda kusema babu yake aliwaibia ujuzi na hata asante hakusema.

Mwaka huu zamu ya moto ilikuwa ya nusu ya chini, inayoelekea baharini. Nyasi kavu zilikuwa zimetandazwa humo tangu Novemba. Nusu ya juu, ng'ambo ya ukuta wa mawe, ilijaa matumba manono ya maua. Mavuno yote ya Agosti yalikuwa mle: ya kuuza, ya pai za kanisani, ya jamu, na yale ambayo mzee hakubali kula nyama ya paa bila kuyamwagia juu.

Moto wenyewe Rena hakuuogopa. Alimwogopa baba yake. Januari mzee alitoa bluberi kwenye friza akazipanga kabatini pamoja na sahani, zikayeyuka, ukuta mzima ukawa zambarau. Machi alimwita Rena kwa jina la marehemu mkewe, mara mbili kwa siku moja. Rena hakumwambia mtu. Alijiwekea ahadi moyoni: leo nitajua. Akikosea leo, shamba namnyang'anya, iwe isiwe.

"Mzee Alton, mwaka huu tuchome zote," alisema jirani yao Delmont, akijivika pampu ya maji mgongoni. "Tutanunua zile za dukani."

"Zile kubwa kama macho ya ng'ombe? Ukizitia kwenye pai unapata supu."

"Mke wangu anazisifu sana."

"Mkeo alikusifu hata wewe. Huo ulimi wa kuamini?"

Delmont alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye buti. Rena naye alicheka, tena kwa furaha iliyopita kiasi, kwa kuwa utani ulikuwa umefika mahali pake. Akaona haya. Nani anampima baba yake kwa utani?

Moto ulianza vizuri. Kiupepo cha asubuhi kilitoka bara kikiusukuma kuelekea baharini, mbali na ukuta. Mzee alitembea na debe lake la mdomo mrefu, akidondosha mafuta yanayowaka, mstari ulionyooka. Saa nzima ikapita hivyo. Rena akaanza kupumua.

Kisha mzee akasimama. Akainua kidevu, akageuza shingo huku na huku. Alikwenda kwenye ukuta, akaupanda kwa shida, akashukia upande wa pili, akahesabu hatua kumi ndani ya nusu ya juu. Akainamisha debe.

Rena aliona miali ikishika machipukizi ya mwaka huu. Akaruka ukuta.

"Baba! Hiyo ni nusu ya juu!"

"Najua. Niache, upepo una—"

"Unachoma mavuno!" Alilishika debe, wakavutana, akampokonya. "Delmont! Njoo uzime huku!"

Delmont alifika akihema, akasita. "Ngoja kwanza, Rena. Mzee anasema upepo."

"Mzee hajui anachofanya!"

Yalikuwa maneno aliyoyaficha tangu Januari, na sasa aliyatoa kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alton alibaki amesimama, mikono mbele, kama bado ameshika debe. Delmont akaumwagia mstari ule maji hadi ukafa, kabla haujaunguza hata upana wa mkeka.

Hazikupita dakika tano. Moshi uliokuwa umelalia baharini ukasimama wima, kisha ukainama kuwaelekea wao. Upepo wa bahari, ambao huja saa sita, ulikuwa umekuja saa nne. Nyasi zinazowaka zikanyanyuka, zikavuka ukuta juu ya vichwa vyao, zikatua kwenye matumba yale manono.

Ndipo Rena alipoelewa. Mzee alitaka ukanda mweusi kando ya ukuta, hatua kumi, ili moto ukivuka usikute cha kula. Angeuchoma upepo ungali upande wake. Alihitaji dakika hizo tano tu.

Walipigana na moto, yeye na Delmont, hadi pampu ikakauka. Robo saa ilitosha. Nusu ya juu yote iliungua hadi kwenye lami ya barabara, moto ukafia hapo.

Alton alikuwa ameketi juu ya ukuta, uso umejaa masizi.

"Nimechoma nusu ya juu," alisema polepole.

"Hapana, baba." Rena alipiga magoti mbele yake. "Ulikuwa unaikinga. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Kweli kabisa, Mzee," alisema Delmont, kofia mkononi. "Tungekusikiliza, ingepona."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama mfiwa anavyowatazama waliokuja kumpa pole.

"Nyinyi watu wema," alisema. "Lakini moto niliuwasha mwenyewe, nakumbuka. Na wewe mwanangu ulisema. Ulisema sijui ninachofanya."

"Baba, nilikosea! Nisikilize. Nilikosea mimi!"

Alirudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, akilia, na kila aliporudia baba yake alimpigapiga begani, akimwambia, basi, mwanangu, basi, yamekwisha.