Bado Nasikiliza

...na kweli nilisahau kuipasha moto, mimi, binti wa mkunga, nimeibandika stethoskopu kifuani kwake baridi vile vile, mahabusu wa watu akashtuka, kisha akaniomba radhi, yeye, mwenye mbavu zilizovimba, ndiye aniombe radhi, nikasema, "Pole, baba," likanitoka tu, na afande pale mlangoni akacheka, "Daktari, unampa pole?", naam, nimempa, nimeletwa hapa kujibu swali moja tu, anaweza kuendelea kuhojiwa au hawezi, nikisema anaweza wanamrudisha chumba cha pili sasa hivi, nikisema hawezi... daktari aliyenitangulia alisema hawezi, na koti lake jeupe mpaka leo linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, hakuna aliyekuja kulichukua, vuta pumzi, baba, taratibu, na mume wangu asubuhi akinifungia zipu ya gauni, "Wewe wajibu wanachotaka, mama watoto, urudi nyumbani," hofu yake naijua, naipenda hata, lakini moyo huu chini ya mkono wangu unakwenda mbio, unajikwaa, unasita, unaanza tena kama mtoto anayejifunza kutembea, sijui huyu alisema nini na wapi, sitaki kujua, mama yangu hakuwa akiwauliza wazazi mimba ya nani, alitia mikono kwapani kwanza, "Pasha, mwanangu, huyu ni mtu, si samaki," na wanawake wakacheka katikati ya uchungu... "Huo moyo hauishi kusikilizwa?" anasema afande, na hapo ndipo ninapogundua, jamani, kitu kidogo tu, kwamba muda wote nikiwa nasikiliza hakuna anayemgusa, lakini siwezi kusikiliza mpaka kesho, wanangu wananingoja, Mungu wangu, naogopa, naogopa na jibu ninalo, nimekuwa nalo tangu ile pole, maana nitampaje mtu pole kisha nimkabidhi kwao, huyu ni mgonjwa wangu, hawezi, nitasema hawezi, na koti langu litundikwe juu ya lile lingine kama ni kutundikwa, ila kwanza apumue kidogo, naiinua stethoskopu, naifumbata kiganjani mpaka ipate joto, "Haya, daktari, anaweza?", naiweka tena kifuani, safari hii hashtuki, anafumba macho, "Bado nasikiliza, afande."