Picha Isiyo ya Kitambulisho

Kitu cha kwanza Recheli alichokiona ni kwamba shati la yule mzee halikuwa na mfuko. Mahali mfuko ulipokuwa pamebaki mraba wa bluu iliyokoza ambao jua halikuwahi kuufikia, na mfuko wenyewe ulikuwa umechanwa na kusokotwa kuwa kamba. Kamba hiyo ilifunga miguu ya jogoo aliyelazwa kando ya barabara.

Basi lilikuwa limepata pancha. Dereva na kondakta walihangaika na jeki, na abiria walitawanyika kwenye vivuli vyembamba vya miyombo. Ilikuwa Julai, majani yamepukutika, na vumbi la barabara limepaka vichaka rangi ya tofali. Recheli alitoa simu, akajifanya anatafuta mtandao, akapiga picha ya ile miguu.

"Binti," mzee akasema, "huyo jogoo ana kesi?"

Recheli akaficha simu ndani ya kanga. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza jogoo ana kesi gani. Maana tangu Tabora nakutazama. Umepiga baiskeli ya mkaa. Umepiga madumu ya asali. Umepiga choo cha stendi."

"Sikupiga choo," Recheli alisema polepole. "Nilipiga mlango wake. Umetengenezwa kwa mzinga wa nyuki."

Wanawake waliokaa juu ya magunia wakacheka. Mzee, ambaye abiria walimwita Masolwa, akawageukia wote kama aliyepewa nafasi ya kuhutubia. "Mtu anayepiga picha vitu visivyo na watu ni wa ardhi au wa benki. Akishaondoka, wiki ijayo unakuta alama ya X ukutani kwako."

"Mimi napika tu. Mtendeni, pale Tabora mjini, kwa Bi Thuraya."

"Kumbe unapika. Basi ndiyo maana unamtazama jogoo wangu namna hiyo."

Safari hii Recheli naye akacheka, lakini kwa kuinama, mkono ukiwa mdomoni. Hakumwambia picha zilikuwa za nani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa Bi Thuraya, na kwa Bi Thuraya pia hakusema, ilibidi atoe simu na kumsikilizisha.

Zilikuwa za baba yake.

Baba yake, Valentino, aliletwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, mgongoni mwa mama yake mwaka sabini na mbili, wakikimbia Burundi. Hapo alikua, akalima tumbaku, akamwoa Martha, akamzaa Recheli. Kisha ukaja mwaka wa kuchagua. Kila mtu mzima alipewa karatasi: kurudi Burundi, au kubaki na kuwa raia wa hapa. Bibi alichagua kurudi, akafie kwao. Martha alichagua kubaki. Valentino aliandika kurudi, kwa sababu bibi hakuweza kusafiri peke yake, na alimwambia mkewe kwamba akishamfikisha mama yake atatafuta njia ya kuja. Recheli alikuwa na miaka sita. Malori yalikuja, yakaenda, na baba hakuja.

Miezi mitatu iliyopita mchungaji mmoja aliyevuka mpaka kutembelea ndugu zake alirudi na namba ya simu. Tangu hapo baba alituma ujumbe wa sauti. Recheli alisikiliza kila mmoja mara nyingi, jikoni, sauti imepunguzwa, huku vitunguu vikiungua. Kujibu ndiko kulikomshinda. Shule aliiachia darasa la tano, na akiandika, herufi zilimjia moja moja kama ng'ombe waliochoka. Kusema kwenye simu alikuwa hawezi kabisa. Kila alipobonyeza kile kidude chekundu cha kurekodi, alikiachia kabla hajatamka neno. Kwa hiyo alijibu kwa picha: sufuria la pilau, paka wa Bi Thuraya, mvua kwenye bati. Baba alifurahi. Halafu akasema:

"Mwanangu, daktari anasema presha ya macho imekula pembeni kote, sasa inaingia katikati. Naona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Kabla mrija haujaziba, nataka kuona nyumbani. Usinipigie sherehe. Nipigie njia yote kutoka Tabora. Nipigie bani la tumbaku, kisima, njia ya kwenda shuleni. Nipigie vumbi."

Alitaja na mti wa mninga, na zizi la jirani. Alitaja kila kitu kilichomzunguka mama. Mama mwenyewe hakumtaja, na kutokutaja kwake kulikuwa kama shimo ambalo watu wote wanajua kulizunguka.

Bi Thuraya aliposikia aliondoa miwani akaifuta. "Chukua wiki mbili," alisema. "Babu yangu aliitembea njia ya misafara ya Ujiji kwa miguu, miezi mingi, na mizigo kichwani mwa watu, na hakuacha hata picha moja. Mimi sijui alikuwa anatazama nini. Wewe piga vitu vya kawaida, mwanangu. Vya ajabu watu huvikumbuka wenyewe."

Gurudumu lilifungwa. Mzee Masolwa alimbeba jogoo, na alipopita karibu na Recheli akamshikia juu kidogo, upande wa mwanga. "Haya, mpige vizuri," alinong'ona. "Pale chini ulimpiga miguu tu. Atajisikia vibaya."

*

Mama yake alimpokea kwa kumgeuzageuza, kuona kama amekonda. Nyumba ilikuwa ile ile ya matofali, imepakwa chokaa upya upande wa mbele tu. Bani la kukaushia tumbaku bado lilisimama nyuma, jeusi kwa moshi, limeinama kidogo.

Siku mbili Recheli alizunguka na simu. Kijiji kilikuwa na namba badala ya jina, kama vijiji vyote vya hapo, na watu wake walikuwa wamepigwa picha mara nyingi maishani: za usajili, za kadi ya chakula, za cheti cha uraia, za kupigia kura. Walijua picha ni nini. Kisimani alimkuta jirani yao, mama Eustadia, akivuta maji, kamba mabegani, maji yakimmwagikia miguuni. Recheli aliinua simu. Mama Eustadia akaacha kamba. Akatua ndoo, akavua kilemba, akasukuma nywele nyuma, akasimama wima mikono ubavuni, macho yamekodoka, pumzi ameibana.

"Masikio yanaonekana yote mawili?" aliuliza bila kusogeza midomo.

"Mama mdogo, siyo ya kitambulisho. Wewe endelea kuvuta maji."

"Nivute maji halafu waseme sura haifanani? Ile ya kwanza waliirudisha kwa sababu ya sikio moja. Nililala pale ofisini siku mbili kwa sababu ya sikio. Piga."

Recheli akapiga. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali: mtu akionwa na simu, anageuka kuwa kadi. Basi alipiga vitu: kamba ya kisima, mbuzi juu ya kichuguu, viatu vya shule vilivyoanikwa kwenye miba. Alivituma vyote kwa baba, na baba akajibu kila kimoja, akicheka, akitaja majina ya watu waliowahi kuanguka pale au kupigana hapa. Jibu la jioni ya pili lilikuwa fupi. "Leo sijaona vizuri ile ya mbuzi. Ulisema ni mbuzi?" Hakuwa amesema chochote.

Asubuhi ya tatu alimwendea mama yake na simu mkononi.

"Mama, nikupige picha."

"Ngoja."

Alitoka ndani baada ya kitambo, amevaa blauzi iliyopigwa pasi, hereni amevua, kichwa wazi. Aliburuta kigoda hadi kwenye ukuta wenye chokaa, akaketi, akainua kidevu.

"Masikio?"

"Mama, siyo ya kitambulisho."

"Picha ni picha. Kama siyo ya kitambulisho ni ya nini?"

Recheli alishusha simu.

"Ni ya nani?" mama aliuliza, na kabla hajajibiwa akasimama, akachukua kigoda chake. "Ni ya Valentino."

Jina hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile kwa miaka kumi na sita. Lilitoka kama kitu kilichosahaulika chini ya kitanda, na vumbi lake. Mama aliingia ndani. Recheli alibaki amesimama mbele ya ukuta mweupe, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akaupiga picha ukuta.

Mama alitoka tena baada ya kunywa uji. Alikuwa amevaa tena gauni lake la kazi, ungo wa karanga magotini.

"Macho yake yamebaki kiasi gani?"

"Umejuaje habari ya macho?"

"Unakwenda kumsikiliza nyuma ya bani. Bani lina nyufa, na mimi siyo kiziwi." Alimenya karanga moja, akaila. "Amekuwa na sauti ya baba yake. Zamani alikuwa na sauti nzuri."

"Daktari hakusema siku. Ila jana hakumwona mbuzi pichani."

Mama alimenya karanga nyingine, hii hakuila.

"Mimi haniulizi."

"Anaogopa."

"Aogope nini? Aliniambia anamfikisha mama yake kisha anakuja. Bibi yako akaishi miaka kumi na mmoja. Sasa nimfanyeje? Nimlaumu yule bibi kwa kutokufa?" Akaupiga ungo kwa kiganja, maganda yakaruka. "Na alipokufa, huyu akawa ameshaona aibu. Namjua. Akichelewa hata dakika kumi kanisani, alikuwa haingii ndani, anakaa nje hadi ibada iishe."

Aliinuka, akasogea hadi penye upepo, kati ya nyumba na bani.

"Kaa pale," alisema. "Usiniambie ukipiga."

Akaanza kupeta. Karanga zilipanda juu, zikatua, zikapanda tena, na maganda mekundu yalichukuliwa na upepo kama moshi mwepesi. Mwanzoni shingo yake ilikuwa ngumu, kidevu kimeinuka. Kisha kuku mmoja akaja kudonoa chini ya miguu yake, na mama akamfokea kwa Kirundi, akamrushia teke, akakosa, akajicheka mwenyewe. Hapo alisahau. Recheli alipiga mara kumi na moja.

Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya mninga. Alichagua picha moja, akaituma, akakaa kusubiri. Jua lilipita kichwani na kuanza kushuka upande wa Kigoma ndipo simu ilipolia.

"Mwanangu," ilisema sauti ya baba, "picha imefika. Nimeishika hadi ikagusa pua. Naona mwanga, na kitu chekundu kinachosogea, sijui kama kinasogea au ni jicho langu. Nimemwita jirani yangu, Justus, anitazamie. Anasema kuna mwanamke ana ungo. Namuuliza, yukoje? Anasema, ni mwanamke, ana ungo. Justus ni fundi baiskeli, hana maneno." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Niambie wewe. Nakuomba. Hata kama ni neno moja. Sauti yako sijaisikia tangu asubuhi ile nilipokuacha umelala. Nilisimama hapo kitandani nikakutazama. Sikutaka kukuamsha. Ulikuwa umelala vizuri."

Recheli aliiweka simu juu ya goti. Chini, mama yake alikuwa akikusanya karanga kwenye kapu, mgongo umeinama, hamtazami, ingawa alikuwa amegeuka upande wa kichuguu.

Alibonyeza kile kidude chekundu. Sekunde zikaanza kuhesabika, moja, mbili, tatu, nne, na akaachia, akafuta. Akabonyeza tena. Ikasikika pumzi yake tu na nyenje mmoja. Akafuta. Mara ya tatu alifumba macho.

"Amevaa gauni la kijani," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, akaisafisha. "La kazi. Lina kiraka begani. Nywele zimeanza mvi, ila mbele tu, hapa juu ya paji. Amenenepa mikono. Anapeta karanga, zile ndogo nyekundu, na zipo hewani, hazijatua. Mdomo uko wazi kwa sababu anamgombeza kuku. Anacheka lakini bado hajajua kama anacheka. Bani liko nyuma yake, limeinama. Sikio linaonekana moja."

Akafumbua macho. Sekunde ziliendelea kuhesabika, na kidole chake hakikuondoka. Kulikuwa na kitu kingine, cha zamani kuliko simu, kuliko Mtendeni, kuliko shule, na hakuwa amewahi kumwambia mama, wala mchungaji, wala mto wake wa kulalia.

"Baba," alisema, "asubuhi ile sikuwa nimelala. Nilifumba macho. Nilidhani ukiniona nimelala, utangoja mpaka niamke."