Talaka ya Nebraska

Barua ilinikuta mikono ina unga. Nilikuwa nimeshuka mara moja tu kuangalia sanduku la posta, mikate iko tanuruni, nikaipasua bahasha ile ya serikali kwa meno palepale mlangoni. Kurasa tatu. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini namba nazijua: siku themanini na saba. Ndani ya siku hizo niwapelekee watu wa uhamiaji hukumu ya mahakama inayoonyesha kwamba nimeachana na mume wangu. Nisipoipeleka, wataamua kwa walichonacho mezani.

Hukumu gani tena? Mimi nilishaachwa. Wauzbeki wote wa Brooklyn wanajua nimeachwa, mpaka muuza nyama.

Niliachwa kwa simu, mwezi wa pili, siku ya theluji. Bahrom, mume wangu, anaendesha lori la masafa marefu kama nusu ya vijana wetu wa Samarkand walioko Marekani, na siku hiyo alikuwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta huko Nebraska. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akanitamkia talaka mara tatu, harakaharaka, kama mtu anayemsomea karani namba ya gari. Nyuma yake nilisikia mtu anaagiza kahawa. Mama yake, Hamrokhon, alikuwa amekaa mbele yangu akimenya karoti za pilau. Hakushtuka hata kidogo. Alimaliza karoti iliyokuwa mkononi, akaniambia nifunge virago.

Kwetu yakishatamkwa, yametamkwa. Kabla ya jioni walikuja wanawake wawili wa msikitini kushuhudia kwamba sibebi kisicho changu, wakahesabu mablanketi niliyokuja nayo harusini. Hamrokhon akafungua sanduku lake la chuma, akanitupia pasi yangu ya kusafiria na grini kadi yangu, kibali cha kuishi Marekani. Sikuwa nimevishika vitu hivyo tangu siku niliyotua.

Kadi ile ilikuwa ya miaka miwili. Ndiyo wanayopewa wake wapya: miaka miwili ya kutazamwa, halafu mume na mke mnaomba pamoja sharti hilo la miaka miwili liondolewe. Kelin, mke wa mwana, kwa kawaida huwa na mkubwa mmoja wa kumwogopa, mama mkwe. Mimi nilikuwa na wawili, mama mkwe na serikali, na yule wa kwanza alijua kumtumia wa pili. Supu ikizidi chumvi: "Nitakurudisha." Nikicheka kwa sauti: "Nitakurudisha. Simu moja tu." Akienda sokoni alifunga mlango kwa nje na kuondoka na simu yangu kwenye mkoba. Miezi kumi na tisa niliishi hivyo, nikihesabu Bahrom atarudi lini, na akirudi analala siku mbili, anaondoka.

Na kurudi kwenyewe si mchezo. Nyumbani nina wadogo zangu wawili wa kike ambao hawajaposwa. Nikishushwa Samarkand na begi langu, hakuna atakayekuja kugonga kwa baba kuwauliza. Nyumba iliyorudishiwa binti watu huipita wakitazama upande wa pili. Baba amewaambia majirani kwamba nimehama kwa mume kwa sababu ya kazi. Kazi! Masikini baba yangu.

Nilipotoka kwa Hamrokhon nilipata kazi kwenye tanuru la mikate na chumba cha kulala watu wanne juu yake. Halafu nikaenda kwa Firuza, mwenye duka la kujaza fomu pale barabarani, anijazie ya kuomba sharti liondolewe mimi peke yangu, bila mume. Fomu zetu sisi sote huzijaza yeye.

"Ameshatamka?" Firuza aliniuliza.

"Ametamka."

"Mara tatu?"

"Tatu."

"Pole, shoga. Tarehe?"

Akaandika: ameachika, tarehe kumi na nne mwezi wa pili. Mimi nikatia saini. Hakuna aliyeona kosa, si mimi, si yeye, si wanawake waliokuwa kwenye foleni wakinipa pole na kumlaani Bahrom.

Kosa lilionwa na Halina, wakili mmoja wa Kipolandi anayewasaidia watu bure maktabani kila Jumanne. Alisoma barua, akasoma fomu, akanitazama juu ya miwani.

"Hapa umeandika umeachika. Mahakama ya wapi?"

"Nebraska."

"Mahakama ya Nebraska?"

"Kituo cha mafuta."

Alivua miwani. Nikamweleza yote, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kunitisha, kwa sababu ulikuwa unanionea huruma.

"Zebiniso, nisikilize," alisema. "Kwa sheria ya hapa wewe bado ni mke wa mtu. Na umeapa kwa saini yako kwamba si mke wa mtu."

"Nimedanganya serikali?"

"Umekosea. Lakini wao hawaoni tofauti mpaka tuwaonyeshe."

Aliniuliza kama Bahrom aliwahi kunipiga, maana mke aliyeteswa ana njia nyingine ya kuomba. Nilisema hapana, na ilikuwa kweli. Angenipiga saa ngapi? Mambo ya mama yake sikuyasema. Nilikulia katika nyumba ambayo yanayotokea ndani hayavuki kizingiti, na hata mbele ya wakili ulimi ulinigomea. Basi ikabaki njia moja. Tufungue talaka mahakamani. Bahrom akikubali na kutia saini mbele ya mthibitishaji, huenda tukaiwahi tarehe. Asipotia saini, mwaka mzima unaweza kupita.

Bahrom alikuwa amefunga namba yangu. Nilimpigia kwa simu za wenzangu wote watatu chumbani. Alikuwa akisikia sauti yangu anakata. Siku zikawa zinaondoka. Nilianza kuogopa vitu vya kijinga: kengele ya mlango, mtu yeyote mwenye sare, hata mkaguzi wa gesi, ambaye nilimkimbia nikajifungia stoo mpaka mwenye tanuru akaja kunitoa kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la unga, nimeikumbatia pasi yangu.

Zilipobaki siku sitini na moja nilikwenda mwenyewe kwa Hamrokhon.

Alifungua mlango nusu. "Umeachwa mara tatu, umefuata ya nne?"

"Ndiyo, Mama. Hasa hiyo ndiyo niliyoifuata."

Nadhani jibu hilo ndilo lililonifungulia mlango. Nilikaa kwenye ukingo wa godoro, chini, mahali pangu pale pale, nikamwekea mbele karatasi ya Halina ya kukubali talaka, nikamweleza habari ya mahakama. Alisikiliza huku akipanga peremende kwenye sahani.

"Mwanangu hana kesi na mtu," alisema. "Tulikutoa kwa heshima, mashahidi wapo. Sasa unataka kumpeleka kwa majaji kama mwizi? Tena amepata mchumba. Oydin, binti wa Sanobar wa Urgut. Ana miaka ishirini. Mpole, si kama wengine."

"Hongereni. Mtamletaje huku?"

"Kama tulivyokuleta wewe."

"Mimi mlinileta kwa cheti cha ndoa cha serikali, Mama. Na cheti hicho bado ni cheti. Bahrom ana mke, na mke ni mimi. Hakuna ofisi ya Samarkand wala ya Marekani itakayomwandikia wa pili mpaka mahakama ivunje hii."

Peremende moja ilimdondoka. Nilifurahi, sitaficha. Aliinuka, akaingia chumbani, nikamsikia akizungumza na Bahrom kwa simu, kwanza kwa ukali kisha polepole. Aliporudi alinimiminia chai kwenye kibakuli, kidogo kidogo kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima. Hapo furaha ikaniisha. Hamrokhon hamimini chai bure.

"Sawa, wewe unataka karatasi, na sisi tunataka karatasi," alisema. "Lakini sisi hatuna haraka, binti yangu. Oydin atangoja. Siku unazihesabu wewe."

"Mama unataka nini?"

"Sanobar ameanza kuuliza."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kwetu msichana haingii nyumba isiyoulizwa. Watu wa mchumba huuliza majirani, huuliza muuza mkate, huuliza hata wale mnaogombana nao. Lakini nyumba iko Brooklyn na wao wako Urgut, watamuuliza nani? Wamesikia kulikuwa na kelin kabla. Wanamtaka yeye.

"Utawaambia nyumba ni njema," alisema Hamrokhon. "Kwa kinywa chako, uso wako ukionekana. Kunywa chai, inapoa."

Siku tisa nzima nilijiambia sitakwenda. Nikikanda unga najiambia sitakwenda, nikila najiambia Mungu ananiona. Halafu nakumbuka zile kurasa tatu, nakumbuka wadogo zangu. Halina alinipigia kuuliza kama mume amekubali. Nikasikia sauti yangu ikimwambia, "Atakubali."

Nilikwenda Jumamosi saa tatu asubuhi, ambayo Urgut ni jioni. Hamrokhon alikuwa ametandika kitambaa cha sherehe, mkate, zabibu, lozi. Karatasi ilikuwa pale, chini ya bakuli la sukari. Bahrom alikuwa ameitia saini huko alikokuwa, mhuri wa mthibitishaji unaonekana nusu. Ningenyoosha mkono ningeigusa. Mama mkwe alisogeza bakuli upande wake.

Kwenye simu alitokea mwanamke mnene mwenye uso wa uchovu, na nyuma ya bega lake msichana amejifunga kitambaa vizuri, amejipaka wanja kwa ajili yangu. Tulisalimiana kwa kirefu, wazee, watoto, mifugo, hali ya hewa.

"Mwanangu," alisema Sanobar, "najua nakutonesha kidonda, unisamehe. Lakini mimi ni mama. Wewe umekula mkate wa nyumba hiyo. Niambie kwa haki ya Mungu, nimpeleke binti yangu?"

Hamrokhon alikuwa amekaa pembeni, hayumo kwenye picha, mikono mapajani. Alikuwa ananitazama kinywa.

"Nyumba ni njema," nilisema.

"Mbona mliachana?"

"Kosa lilikuwa langu. Mimi ni mkaidi, shangazi. Wao walinivumilia sana."

Sanobar alipumua. Oydin akamnong'oneza mama yake, mama akampa simu, na uso wa yule msichana ukajaa kioo chote. Alikuwa na kipele kidogo kidevuni alichojaribu kukificha kwa poda.

"Dada," alisema, "nina swali la kitoto, usinicheke. Mama mkwe akikasirika, hukaa na hasira muda gani?"

Ningeweza kumwambia. Neno moja lilitosha. Hata kunyamaza kungetosha. Msichana mwerevu angeelewa. Niliuona mlango ukifungwa kwa nje, nikamwona yeye ndani, na kadi yake ya miaka miwili ndani ya sanduku la chuma. Na nilijua vizuri kabisa kwamba siogopi kwa ajili yake. Naogopa kwa ajili yangu.

"Hakasiriki," nilisema. "Ni mama kweli."

Oydin alicheka kwa raha, akajifunika mdomo kwa mkono. Mama yake akachukua simu, akainua viganja vyote viwili. "Mungu akupe unachokitafuta, mwanangu. Akufungulie njia, akupe mume mwingine mwema, akuepushe na watu wabaya." Nasi tukainua viganja, mimi na Hamrokhon, bega kwa bega. Nikasema amina na kujipangusa uso.

Simu ilipokatika, Hamrokhon aliinua bakuli la sukari, akanisogezea karatasi. Hakunishukuru wala hakunidhihaki. Alinifungia mikate miwili kwenye kitambaa, kama anavyofungiwa jamaa anayeondoka, na mimi nikaipokea.

Jumanne nilikuwa maktabani mapema, wa tatu kwenye foleni ya Halina, karatasi imo kifuani ndani ya blauzi. Siku zilikuwa zimebaki arobaini na tisa. Simu ikatetemeka, ujumbe umeingia. Namba ya Uzbekistani, siijui.

"Dada Zebiniso, ni mimi Oydin. Nimeiomba namba yako bila mama kujua. Nilitaka kukwambia asante. Nilikuwa nimeshaamua kukataa, nilikuwa naogopa mno, na baba aliniambia yuko radhi nikikataa. Baada ya kukusikia nimekubali. Jana tumemega mkate wa posa. Nikifika huko utakuwa dada yangu, maana sina mtu mwingine."

Nilisoma mara mbili, kisha nikaitoa karatasi kifuani. Mlango ukafunguka, Halina akaniita kwa jina huku akitabasamu, kwa sababu alikuwa ameshaona karatasi mkononi mwangu. Nilifuta ujumbe, nikaifunga namba ile, nikaingia.