Asali ya Isaiah

Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2015. Asubuhi ile hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, na vioo vya madirisha yetu pale Al Mankhool, huku Uarabuni, vililoa kwa nje kana kwamba mvua imenyesha. Nilikuwa nimetoka zamu ya ulinzi, nimeoga na kusali, Dancan alipobisha hodi.

Dancan ni binamu wa Isaiah, na Isaiah ndiye mume wa mdogo wangu Peninah. Alikuwa amerudi kutoka likizo kwetu Mlima Elgon, na mkononi alishika chupa ya asali aliyoivisha soksi isivunjike. Nilijua ni ya nini kabla hajaketi.

Sisi ni Waogiek. Katika ukoo wetu, mume akimpiga mkewe hadi akakimbia, huleta asali kwa watu wa mke. Mkubwa wao akiionja, kesi imekwisha na mke anarudi. Isaiah alipomvunja Peninah jino, mama alikuwa hai, akaonja. Sasa amemvunja mkono, wazazi wetu hawapo, na mkubwa ni mimi.

Mwezi mzima nilimshukuru Mungu kwamba niko mbali. Bila ulimi wangu hakuna wa kumrudisha. Peninah alikaa kwa shangazi, mkono kwenye plasta, nami nikaamini kwamba bahari imemkinga. Sikufikiria kwamba asali nayo hupanda ndege.

Severina, Mtanzania ninayeishi naye chumba kimoja, aliitazama ile chupa.

“Kwa hiyo kwenu asali ndiyo polisi?”

“Polisi tuliwaendea,” Dancan akamjibu. “Wakatuambia hayo ni mambo ya watu wa msituni, tukayamalize huko huko.”

Nilimwambia airudishe. Akasema, “Shemeji, mimi nimetumwa tu,” kisha akapiga simu, akaweka spika.

Wazee walikuwa wameketi uani kwa shangazi. Niliwaeleza kwamba nataka dada yangu abaki hapo, na Isaiah apelekwe kortini. Hawakunigombeza. Walimpa Peninah simu.

Akaniambia watoto wako kwa baba yao, ng'ambo ya kijito, na yule mdogo ameacha kula. Yeye hataruhusiwa kuwaona mpaka asali ionjwe.

“Onja tu, dada,” alisema. “Usiku nawasikia wakilia.”

Nilimwomba Mungu neno la kusema. Sikupewa. Nikachovya kidole, nikalamba. Ilikuwa asali nzuri, ya msitu wa juu, na hilo liliniuma zaidi. Dancan akawaambia wazee kwamba ameona kwa macho yake. Severina aligeukia ukutani.

Kisha mzee mmoja akasema lazima ahadi itolewe, wote wasikie. Nikangoja sauti ya Isaiah.

Iliyokuja ilikuwa ya Peninah.

“Mbele yenu wazee, na mbele ya dada yangu aliye mbali, naahidi sitamkasirisha tena.”